Mama Pacha Hachomi Tena Majani

Kila asubuhi, kabla lango kubwa halijafunguliwa kwa wageni, Mama Pacha huingia bustanini kwa mlango mdogo wa nyuma. Fagio lake refu huwa begani. Akishafika, hana salamu nyingi. Huinama, na kazi huanza.

Hiyo ni bustani ya mimea. Ina miti ya kila namna. Mingine ililetwa kutoka mbali, na ina vibao vyenye majina marefu ambayo hata Msimamizi huyasoma kwa kujikwaa. Wageni huja kutembea na kupiga picha. Wanafunzi huja kujifunza. Wao huona maua. Mama Pacha huona majani.

Kila mwaka, mvua zikishakatika na upepo mkavu ukianza kuvuma, miti mingi hupukutisha majani yake. Hufanya hivyo ili isipoteze maji wakati wa ukame. Kwa mti, hiyo ni akili. Kwa mfagiaji, ni adhabu. Ukifika mwisho wa njia, ukigeuka nyuma, mwanzo umeshafunikwa tena.

Kwa miaka sita kazi ilikuwa ile ile: fagia, kusanya, sukuma toroli hadi kwenye ukuta wa nyuma, choma. Na mchomaji alikuwa Mama Pacha mwenyewe. Alikuwa na mkono wa moto. Wenzake walimtania kwamba akiukodolea macho mti mbichi utawaka.

Nyuma ya ukuta huo kuna nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Katika vyumba viwili vya mwisho aliishi Mama Pacha na mume wake, fundi viatu, pamoja na watoto wao pacha wa miaka minane. Humo pia aliishi mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Bibi alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi na pumzi chache, maana alikuwa na pumu. Kila msimu wa majani kifua kilimbana. Watu wa nyumbani walisema ni vumbi. Wengine walisema ni uzee. Bibi mwenyewe alisema uzee haujawahi kuwa na harufu.

Mwaka huo hali ilikuwa mbaya zaidi. Siku moja Mama Pacha alirudi nyumbani mchana kula, akamkuta Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Pacha walikuwa wakimpepea kwa madaftari yao ya shule. Bibi alitaka kusema neno, likakatika katikati. Mama Pacha hakuwa amewahi kumwona mama mkwe wake akishindwa kumaliza sentensi. Hapo ndipo alipoogopa.

Fundi viatu aliitwa, akaacha kiatu cha mtu kwenye kalibu, akambeba mama yake mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alimwekea Bibi kifuniko cha dawa ya kuvuta puani na mdomoni. Baada ya muda mabega yakatulia. Ndipo muuguzi akaanza kuuliza. Nyumbani wanapikia nini? Kuna anayevuta sigara? Mama Pacha akajibu kwamba wanapikia gesi, na sigara hakuna.

"Basi moshi huu unatoka wapi?" muuguzi akauliza. "Nguo za mama huyu zinanuka majani yaliyoungua."

Mama Pacha akanusa mkono wa gauni lake la kazi. Harufu ilikuwa ile ile.

Muuguzi akaeleza taratibu. Moshi wa majani una chembechembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zinapita puani, zinapita kooni, zinaingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kukaa huko. Mtu mzima mwenye afya atakohoa na kusahau. Mtoto mdogo, mzee, mjamzito au mwenye pumu hana nafasi ya kusahau. Na majani yenye unyevu hutoa moshi mwingi kuliko makavu. Dawa ingemsaidia Bibi, lakini dawa pekee ni kama kupiga deki huku bomba linavuja.

"Mnajua nani anachoma?" akauliza.

Mama Pacha angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Ni mimi," akasema.

Bibi akasogeza kifuniko pembeni ya mdomo. "Kumbe ni wewe," akasema polepole, kwa vipande. "Mkwe wangu, mimi si samaki wa kukaushwa."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akamrudishia kifuniko. Fundi viatu alitazama ukuta. Mama Pacha hakucheka. Alikaa kwenye benchi la zahanati akihesabu mioto yote aliyowasha katika miaka sita, akashindwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Msimamizi. Huyu alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi hata kwenye kola, na hakupenda mambo yaliyotoka nje ya ratiba. Mama Pacha akaweka kibiriti juu ya meza yake.

"Mkuu, kibiriti hiki hapa. Mimi siwashi tena."

Msimamizi akadhani kimeisha njiti. Akakifungua, akakuta kimejaa. Mama Pacha akamweleza habari za Bibi na maneno ya muuguzi. Msimamizi akampa pole, na alimaanisha. Lakini akasema majani yamekuwa yakichomwa tangu kabla yeye hajaajiriwa, na Jumatatu kuna wageni wakubwa wanaokuja kukagua bustani.

"Sasa unataka majani hayo nikayale?" akauliza.

"Sijui yafanywe nini, mkuu. Ninachojua ni kwamba mimi siwashi."

"Nitampata mwingine wa kuwasha."

"Atanikuta nimesimama hapo katikati."

Msimamizi akakisukuma kibiriti pembeni mwa meza. Kisha akasema maneno machache yaliyo wazi: ikifika Jumatatu njia ziwe safi na rundo lisionekane. Likionekana, Mama Pacha asirudi kazini.

Mama Pacha alitoka ofisini. Kusema alishasema. Kujua la kufanya, hakujua. Akafagia siku nzima akirundika majani nyuma ya kitalu cha miche, mahali ambapo wageni hawafiki. Rundo likapanda hadi kifuani kwake. Wenzake wakamuuliza kama anajenga nyumba ya pili.

Karibu na kitalu kulikuwa na chumba kimoja chenye rafu nyingi. Humo alifanya kazi dada mmoja mtaalamu wa kuvu, yaani jamii ya uyoga na ukungu. Wafagiaji walimwita Daktari wa Uyoga, na yeye aliitikia jina hilo bila kununa. Siku hiyo alitoka nje, akalizunguka rundo mara mbili, akauliza kwa nini halijachomwa. Alipoambiwa sababu, akamshika Mama Pacha mkono.

"Njoo nikuonyeshe kitu ambacho hujawahi kufagia," akasema.

Walikwenda hadi kona ya mbali, ambako bustani imeachwa iwe msitu. Huko hakuna njia wala kibao. Wakapiga magoti. Daktari wa Uyoga akaondoa majani ya juu kwa vidole. Yalikuwa makavu, mazima. Chini yake kulikuwa na mengine laini, yamekuwa meusi, na kati yake zilipita nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui. Akachimba zaidi kidogo. Hapo hapakuwa na jani tena. Palikuwa na udongo mweusi, mwepesi, wenye harufu ya mvua ya kwanza.

"Huku nani anachoma?" akauliza.

"Hakuna."

"Na mbona majani hayajafika hadi matawini?"

Mama Pacha akazigusa zile nyuzi nyeupe. Akauliza kama ni ugonjwa.

"Huo ndio mwili wa kuvu," akajibu Daktari wa Uyoga. "Uyoga unaouona juu ni kama tunda tu. Mwenye kazi yuko chini. Jani likianguka, yeye hulila polepole, na kinachobaki ni mboji, chakula cha mti. Mti unavua jani ili uvumilie ukame. Kuvu analigeuza. Mvua ikirudi, mti unakula tena kile ulichokiacha. Sisi tunaingia katikati na kukichoma moto."

"Kumbe hawa nao ni wafagiaji," akasema Mama Pacha. "Wanalipwa na nani?"

"Wanalipwa kwa chakula. Na hawana msimamizi."

Walicheka wote wawili, wakiwa bado wamepiga magoti.

Jumamosi na Jumapili hakukuwa na mapumziko. Fundi viatu alikuja kusaidia. Walipata waya wa uzio wa zamani uliotupwa stoo, wakauzungushia nguzo nne, ukawa kama kizimba cha kuku kisicho na kuku. Wakayashindilia majani humo ndani. Jumatatu wageni wakubwa wakapita. Hawakuona rundo. Mmoja wao alisifu hata hewa. Msimamizi akapokea sifa hiyo.

Hapo Mama Pacha alifanya kosa. Daktari wa Uyoga alikuwa amemwambia kuvu hupenda unyevu, naye kwa bidii yake akaufanya unyevu kuwa mafuriko. Alimwaga ndoo ishirini za maji. Akarundika juu nyasi mbichi zilizokatwa, tabaka nene kama godoro, kisha akafunika kila kitu kwa nailoni na kukaza kwa mawe. Baada ya wiki mbili, kizimba kilitoa harufu ya yai viza. Nzi wakaja kwa makundi. Wafagiaji wenzake wakaanza kupita mbali wakiziba pua.

Msimamizi akafika, akaamuru rundo lichomwe siku hiyo hiyo. Akampa kibarua mmoja kibiriti. Kibarua akawasha njiti ya kwanza, ya pili, hadi ya tisa. Rundo lilikuwa limelowa kama matope. Hata moto ulilikataa.

Safari hii Mama Pacha hakusimama katikati, maana kosa lilikuwa lake; alisimama pembeni, amekunja mikono. Aliona aibu, lakini hakusogea. Msimamizi alipoondoka kwa hasira, yeye alikwenda kugonga mlango wa Daktari wa Uyoga na kumwambia afundishwe vizuri, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akafundishwa. Rundo linahitaji maji, lakini linahitaji pia hewa. Likikosa hewa, linaoza kwa uvundo. Kwa hiyo nailoni iondolewe, na likifunikwa lifunikwe kwa gunia. Nyasi mbichi zisiwe tabaka moja nene. Zichanganywe kidogo kidogo na majani makavu, toroli moja ya mbichi kwa tatu za makavu. Majani makubwa na magumu yakatwekatwe kwanza, yataoza upesi. Mara moja kwa mwezi rundo ligeuzwe kwa uma wa shambani, la chini lije juu. Na maji hupimwa kwa mkono.

"Chukua konzi moja, uiminye," akasema Daktari wa Uyoga. "Maji yakichuruzika, yamezidi. Ikisambaratika kama unga, yamepungua. Ikishikana kama kitambaa kilichokamuliwa, hapo sawa."

Akaongeza tahadhari mbili, na kwa hizo hakutabasamu. Rundo lisigeuzwe likiwa kavu, maana hutimka vumbi lenye mbegu za kuvu; linyunyiziwe maji kwanza, na anayegeuza afunge kitambaa puani. Mwenye pumu asikae karibu kabisa. Ya pili, uyoga ukiota kwenye rundo, usiliwe. Mwingine hufanana sana na ule unaoliwa, na una sumu inayoua. Hata yeye, kwa elimu yake yote, hangeutia mdomoni.

Mama Pacha alilifumua rundo lile lote, toroli baada ya toroli, akalipanga upya. Ilimchukua siku nne baada ya saa za kazi. Harufu mbaya ikaisha. Wiki tatu baadaye alitia mkono ndani akaona joto, kana kwamba kuna mnyama amelala humo.

Mvua zilipoanza, zile nyuzi nyeupe zikaenea. Asubuhi moja uyoga mdogo wa rangi ya kahawia ukachomoza pande zote za kizimba. Habari zikamfikia Msimamizi. Akaja na kibarua aliyebeba pampu ya dawa ya kuua ukungu mgongoni.

"Sasa umetuletea maradhi," akasema. "Hapa kuna miti ambayo haipatikani kwingine. Ikifa nitamwambia nini mkurugenzi?"

Mama Pacha akasimama mbele ya kizimba, mgongo umegusa waya.

"Mkuu, jani hili limeshakufa. Kuvu hawa wanakula maiti. Mti wako mzima hawana haja nao."

"Wewe umesomea wapi?"

"Hapa. Nimesomea hapa hapa, kwenye matope haya."

Daktari wa Uyoga aliitwa. Hakumpamba mtu. Alisema ni kweli wapo kuvu wanaoua miti iliyo hai, na Msimamizi hakukosea kuogopa. Ndiyo maana rundo lilipopangwa upya, majani yenye madoa na matawi ya miti migonjwa yaliondolewa. Yalitengwa na kuzikwa mbali. Kuvu waliopo pale ni wale wa majani makavu, wale wale walioko kwenye kona ya msitu, ambako miti haijawahi kufa kwa sababu yao. Kisha akapendekeza jaribio. Miche sitini ioteshwe kitaluni. Thelathini kwa udongo wa siku zote. Thelathini kwa udongo uliochanganywa na mboji ya Mama Pacha.

Msimamizi akakubali, labda kwa sababu alikuwa na hakika atashinda.

Mboji ilichukua miezi minane hadi ikawa tayari. Majani yaliyopita kichwa cha mtu yalishuka hadi magotini. Mama Pacha aliichekecha kwa mikono yake. Ilikuwa nyeusi na nyepesi, na jani ndani yake halikutambulika tena. Miche ikapandwa. Baada ya wiki saba hapakuwa na haja ya rula. Ile ya mboji ilikuwa na majani mapana, na udongo wake ulibaki na unyevu siku mbili baada ya kumwagiliwa. Ule wa kawaida ulikuwa umeshapasuka.

Msimamizi alikuja peke yake kuitazama. Aliinama, akatia kidole kwenye udongo wa mfuko mmoja wa miche, kisha wa mwingine. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba vizimba kumi vinatosha kwa kuanzia, akaanza kuonyesha kwa kidole wapi vijengwe, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu akiwa tumboni.

"Sawa, mkuu," akasema Mama Pacha. "Na uandike kwenye kanuni za bustani kwamba majani hayachomwi. Utie sahihi. Siku moja wewe utahamishwa, na mimi nitazeeka."

Msimamizi akatoa kalamu na karatasi. Kisha akaandika. Karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na Mama Pacha akaisoma mara mbili ili ahakikishe hakuna neno lililoruka.

Msimu wa majani ukarudi. Ukuta wa nyuma haukutoa moshi. Bibi aliendelea kutumia dawa yake kama alivyoagizwa, lakini wiki zikapita bila kubebwa mgongoni na mtu. Alikaa nje, akamaliza sentensi zake zote, na majirani wakaanza kulalamika kwa utani kwamba afadhali zamani alipokuwa na pumzi chache.

Siku moja ya Jumamosi, saa za asubuhi, mwenye nyumba alikuja. Alikuwa na desturi ya kuja mara moja kwa mwezi kutazama mali yake. Uani kulikuwa na miti miwili mikubwa iliyomwaga majani. Akayafagilia katikati ya uwanja, akajipapasa mifuko akitafuta kibiriti chake cha gesi. Mama Pacha akatoka mbio kumweleza. Mwenye nyumba akamkatiza kwa upole wa mtu anayejua nyumba ni ya nani. Uwanja wake, majani yake. Asiyetaka moshi afunge dirisha.

Bibi alisikia yote. Aliinuka, akafunga kitambaa puani, akachukua kiti kimoja cha plastiki. Akakiburuta hadi katikati ya uwanja, akakipandisha juu ya rundo, akakikandamiza kisiyumbe. Kisha akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Washa basi," akasema.

Mwenye nyumba akamtazama. Akawatazama wapangaji waliokwisha kutoka vyumbani na kupanga mstari kwenye baraza. Pacha walikwenda wakasimama kulia na kushoto kwa bibi yao. Fundi viatu akaja na nyundo yake mkononi; hakuwa na nia mbaya, aliisahau tu. Mpangaji wa chumba cha kwanza, ambaye huwa hasemi na mtu, akaja naye akasimama.

"Mama, shuka," akasema mwenye nyumba. "Shuka tuongee."

"Naongea vizuri nikiwa hapa. Siku hizi pumzi ninazo."

Kibiriti kikarudi mfukoni. Mwenye nyumba akafuta jasho usoni, akauliza, bila kumtazama yeyote, sasa majani yote hayo yapelekwe wapi.

Bibi akaelekeza kidevu kwa mkwe wake. Mama Pacha akasogea mbele, akaukunja mkono wa gauni lake.

"Tafuta waya wa mita nne," akasema, "na nguzo nne. Kona ile pale haina matumizi. Maji nitakuonyesha mimi yanavyopimwa."